SOMO LA KUMI NA MBILI: ROBO SAA NJE KILA SIKU

Kabla hujaendelea kusoma, kaa hapo ulipo. Usiinuke wala usichungulie dirishani. Jibu maswali haya moyoni mwako:

1. Mti ulio karibu zaidi na mlango wa nyumba yenu ni mti gani?
2. Asubuhi ya leo ulisikia sauti ya ndege gani kwanza?
3. Usiku wa jana mwezi ulikuwa na umbo gani?
4. Upepo wa leo unavuma kutoka upande gani?
5. Leo umemwona mdudu gani, naye alikuwa akifanya nini?

Umejibu mangapi? Ukiwa umeshindwa kujibu hata moja, usione haya. Macho yako ni mazima na masikio yako yanasikia. Mti ulikuwapo, ndege aliimba na upepo ulivuma. Wewe ulipita, lakini hukutazama. Katika somo hili tutajifunza namna ya kutazama, na faida anayoipata mtu atengaye muda wa kukaa nje na kutazama kila siku.

A. MAUMBILE YAKO WAPI?

Tukisikia neno maumbile, wengi wetu hufikiria mahali pa mbali. Hufikiria simba na nyumbu wa Serengeti, theluji ya Mlima Kilimanjaro au misitu ya Milima ya Usambara. Mahali hapo pana maumbile kweli, tena ya fahari. Lakini watoto wengi hawawezi kufika huko, na anayefika huenda akafika mara moja tu katika maisha yake.

Maumbile ni vitu vyote ambavyo havikutengenezwa na binadamu: udongo, maji, hewa, jua, mawe, mimea, wanyama, ndege na wadudu. Vitu hivyo viko pia uani kwenu. Viko kando ya njia ya kwenda shuleni, katika ufa wa ukuta, chini ya jiwe, na juu ya paa ambapo kunguru hutua. Hata mtoto akaaye ghorofani ana anga, mawingu, nyota na upepo.

Mahali padogo pana faida moja ambayo mahali pakubwa pa mbali hapana. Waweza kupatembelea kila siku. Mtu atazamaye mahali pamoja kila siku huona jambo ambalo mgeni haoni. Mgeni huona vitu. Mtazamaji wa kila siku huona mabadiliko.

B. DAFTARI LA NEEMA

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja, nasi tumwite Neema. Neema anasoma darasa la tano. Yeye na wazazi wake wamepanga chumba katika nyumba moja mjini. Uani mna bomba la maji, choo na mwarobaini mmoja. Nyuma ya choo fundi wa katambuga ameweka matairi yake ya zamani.

Kila asubuhi Neema hupanga ndoo yake katika foleni ya bomba. Zamani alikuwa akisinzia hapo mpaka zamu yake ifike. Siku moja mwalimu aliwaambia wanafunzi waanzishe daftari la maumbile. Neema akaona kwamba foleni ile ilikuwa na muda wa kutosha. Basi akaanza kuandika. Yafuatayo ni baadhi ya maandishi yake:

Siku ya 1. Saa 12:30 asubuhi. Mawingu machache. Tetere amebeba kijiti kikavu mdomoni hadi tawi la tatu la mwarobaini.

Siku ya 4. Kiota kimekamilika. Ni chembamba. Naona anga kupitia kwenye kiota.

Siku ya 6. Tetere anaatamia. Hakuondoka hata ndoo ilipoanguka.

Siku ya 9. Mvua kubwa ilinyesha usiku. Matairi yamejaa maji.

Siku ya 10. Jana jioni kumbikumbi walitoka ardhini wengi sana. Asubuhi hii mabawa yao yametapakaa uani, lakini wenyewe siwaoni.

Siku ya 13. Ndani ya matairi mna viluwiluwi vidogo. Vinaning'inia juu ya maji, vichwa vikiwa chini. Kivuli changu kikipita juu yao vinazama haraka kwa kujinyonganyonga.

Siku ya 16. Baadhi ya viluwiluwi vimejikunja. Umbo lao sasa ni kama alama ya mkato. Nimechota vichache pamoja na maji, nikavitia katika chupa na kufunika mdomo wa chupa kwa kitambaa.

Siku ya 18. Chini ya kitambaa mna mbu wanne.

Neema alipowaona mbu wale alishtuka. Mdogo wake alikuwa akicheza karibu na matairi kutwa nzima. Alichukua chupa yake akamwendea fundi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenishikia chupa ya maji machafu?"

"Babu, maji haya nimeyachota katika matairi yako. Juzi yalikuwa na viluwiluwi. Leo tazama."

Mzee alivaa miwani yake akaitazama chupa kwa muda mrefu. Alikuwa ameyaweka matairi yale pale miaka mingi, na kila masika alilalamika kwamba mbu wamezidi. Hakuwahi kudhani kwamba alikuwa akiwafuga yeye mwenyewe. Mchana ule aliyamwaga maji yote, akayapanga matairi chini ya paa mahali pasipofika mvua.

Fikiri: Je, Neema angeligundua jambo hili kama angelitazama matairi mara moja tu, siku ya 9? Siku hiyo angeliona maji matupu.

Aliyoyaona Neema ni kweli ya kisayansi. Mbu hupitia hatua nne: yai, kiluwiluwi, bundo na mbu kamili. Bundo ndiye yule aliyejikunja kama alama ya mkato. Katika nchi zenye joto, safari hiyo yote huweza kumalizika kwa muda wa siku 7 hadi 14. Mbu wengine wapendao kutaga katika matairi, makopo na mapipa huuma mchana na kueneza homa ya dengi. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mtu amwagaye maji yaliyotuama kila wiki huwakatiza mbu safari yao kabla hawajaota mabawa.

Daftari la Neema halikuishia hapo. Siku ya 20 aliokota maganda ya mayai chini ya mwarobaini. Siku ya 34 makinda mawili ya tetere yaliruka kutoka kiotani hadi juu ya ukuta. Kwa kuhesabu siku, Neema alijua kwamba tetere aliatamia kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda yakakaa kiotani kwa wiki mbili nyingine. Hakuna mtu aliyemwambia. Alijifunza kwa tetere mwenyewe.

C. MWILI HUPATA NINI?

Kukaa nje kila siku hakutupatii maarifa tu. Mwili nao hufaidika.

(a) Macho

Mtoto mwenye ugonjwa wa kutoona mbali huweza kusoma kitabu kilicho karibu, lakini maandishi ya ubaoni huyaona kama ukungu. Mara nyingi sababu ni kwamba mboni nzima ya jicho imerefuka kupita kiasi. Picha ya kitu, badala ya kuangukia juu ya retina iliyo nyuma ya jicho, huangukia mbele yake.

Kuanzia mwaka 2010 wataalamu walifanya uchunguzi katika shule 12 za msingi za mji wa Guangzhou, nchini China. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Katika nusu nyingine, ratiba haikubadilishwa. Baada ya miaka mitatu watoto walipimwa macho. Katika shule ambazo ratiba haikubadilishwa, watoto wapatao 40 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa wa kutoona mbali. Katika shule zilizoongeza muda wa nje, walikuwa watoto wapatao 30 katika kila 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015.

Wataalamu wengi wanaona kwamba mwanga wa nje ndio unaosaidia. Hata chini ya kivuli cha mwembe, mwanga huwa mara kumi au zaidi ya ule wa ndani ya chumba. Kwa hiyo si lazima ukae juani. Kivuli kinatosha.

(b) Mifupa

Nuru ya jua ipigapo ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Vitamini hii huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula, na kalsiamu ndiyo iimarishayo mifupa na meno. Mtoto akosaye vitamini D huweza kupata matege, yaani mifupa ya miguu kupinda kwa sababu ni laini mno kubeba mwili.

(c) Akili na moyo

Katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, wagonjwa waliopasuliwa ili kuondolewa kifuko cha nyongo walilazwa katika vyumba vya namna moja. Tofauti ilikuwa dirishani. Baadhi yao waliona miti. Wengine waliona ukuta wa matofali. Mtaalamu aitwaye Roger Ulrich alisoma kumbukumbu za wagonjwa 46, waliotibiwa kati ya mwaka 1972 na 1981: wagonjwa 23 walioona miti na 23 walioona ukuta. Mwaka 1984 alieleza alichokikuta. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, nao walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi.

Wagonjwa hao walitazama miti kwa dirishani tu. Wewe unaweza kuisogelea, ukasikia majani yakivuma na kuinusa harufu ya udongo baada ya mvua. Ukiwa na hasira au umechoka na masomo, jaribu kukaa chini ya mti kwa robo saa. Kisha jiulize unajisikiaje.

D. JARIBIO: KIVULI KINACHOHAMA

Mambo mengine ya maumbile huenda polepole mno. Hayawezi kuonekana kwa siku moja wala kwa wiki moja. Jaribio hili litachukua mwaka mzima. Kila siku ya kupima utahitaji muda mfupi tu.

Vifaa: kijiti kilichonyoka chenye urefu wa mita 1, kokoto, kipande cha uzi, rula na daftari.

Hatua:

1. Chagua mahali pa wazi panapopata jua mchana kutwa. Simamisha kijiti wima kabisa. Tumia uzi wenye jiwe lililofungwa mwishoni ili kuhakikisha kwamba hakikuinama.
2. Kuanzia saa 6:00 mchana hadi saa 7:15, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 15.
3. Tafuta kokoto iliyo karibu zaidi na kijiti. Hicho ndicho kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Pima urefu wake.
4. Andika tarehe, urefu wa kivuli, na upande kilikolalia: kaskazini au kusini.
5. Rudia jaribio mara moja kila wiki, katika mahali palepale.

Onyo: Tazama kivuli. Usilitazame jua lenyewe, kwani linaweza kuharibu macho.

Utaona nini? Ukianza mwezi wa Juni, kivuli kifupi cha mchana kitalala upande wa kusini. Wiki zikipita, kitaendelea kufupika. Itafika siku ambayo kijiti kitakuwa karibu hakina kivuli kabisa. Baada ya hapo kivuli kitaanza kurefuka tena, lakini sasa kitalala upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba kitakuwa bado upande huo. Halafu kitarudi.

Sababu ni kwamba Tanzania iko kati ya Ikweta na Tropiki ya Kaprikoni. Mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini. Mwezi wa Desemba liko upande wetu wa kusini. Mara mbili kila mwaka hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Watu wengi wameishi miaka mingi hapa nchini bila kujua kwamba vivuli vyao vya mchana huhama upande. Wewe utajua, kwa sababu utakuwa umepima.

E. KIJITO CHA IHITHE

Mwaka 1940 alizaliwa mtoto wa kike katika kijiji cha Ihithe, huko Nyeri, nchini Kenya. Jina lake lilikuwa Wangari. Kama watoto wengi wa shamba, alitumwa kuteka maji na kutafuta kuni. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na kijito. Karibu na kijito hicho ulisimama mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza asikate kuni katika mti huo.

Kila alipokwenda kijitoni, Wangari alikaa kidogo. Kati ya majani ya magimbi aliona mayai ya vyura yaliyoungana kama ushanga. Alijaribu kuyainua kwa vidole ili ajivike shingoni, lakini kila mara yalikatika. Baada ya siku kadhaa mayai yakawa hayapo, na badala yake viluwiluwi vyeusi vilijaa majini. Baadaye navyo vikatoweka.

Wangari alikua, akasoma sayansi ya viumbe, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Aliporudi kijijini kwao alikuta mti ule umekatwa ili pandwe chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Alielewa kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Mizizi ya mugumo huingia chini sana ardhini na kuyapa maji ya mvua njia ya kupenya. Mti ukiondoka, maji mengi hutiririka juu ya ardhi na kwenda zake, na chemchemi hukosa akiba.

Mgeni ambaye angelipita Ihithe siku ile angeliona shamba zuri la chai, akaendelea na safari yake. Wangari aliona kwamba kuna kitu kimepotea, kwa sababu alikuwa amekitazama kitu hicho kila siku utotoni mwake.

Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha chama cha kupanda miti kiitwacho Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuotesha miche na kuipanda. Miti zaidi ya milioni 30 ilipandwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo alikikumbuka kijito kile na viluwiluwi vyake. Alifariki dunia mwaka 2011.

F. NITAPATA WAPI MUDA?

Labda unasema: "Mimi nina kazi nyingi. Nikitoka shuleni nachota maji, nachanja kuni na kumlea mdogo wangu." Ni kweli. Lakini kazi nyingi za mtoto hufanyika nje. Huhitaji kuacha kazi. Unahitaji kutazama huku ukifanya kazi.

Ukichunga mbuzi, tazama ni majani gani wanayoyapenda na yapi wanayoyaacha. Ukipalilia, hesabu aina za magugu. Ukianua nguo jioni, tazama mawingu na upande wanakoelekea ndege. Ukiwa na mtoto mgongoni, simama chini ya mkwaju wakati wa magharibi, umwonyeshe jinsi majani yake yanavyojikunja kwa ajili ya usiku. Ukiwa njiani kwenda shuleni, chagua mti mmoja uwe rafiki yako, na kila siku uuangalie una nini kipya.

Ukikaa pwani, andika saa ambayo maji yamejaa kabisa. Kesho yake andika tena. Utaona kwamba maji yamechelewa kwa muda wa dakika 50 hivi. Ukikaa bara, fanya hivyo kwa mwezi baada ya kuwa mpevu: andika saa unayochomoza. Kila usiku nao hukawia. Je, unaweza kukisia kwa nini bahari na mwezi huchelewa pamoja?

Ukiwa na siku ya mapumziko, tenga robo saa ya kukaa mahali pako bila kufanya kazi yoyote na bila kuzungumza. Dakika tano za kwanza utaona kwamba hakuna kitu. Usiondoke. Ndege na wadudu walikuwa wamekuogopa ulipofika. Ukitulia watarudi kwenye shughuli zao, nawe utawaona.

G. HADHARI

1. Mwambie mzazi au mlezi wako mahali unapokwenda. Usiende peke yako porini, mtoni wala baharini.
2. Usiingize mkono katika shimo, kichuguu au chini ya jiwe. Jiwe ligeuzwe kwa fimbo, kisha lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa sababu chini yake ni nyumba ya viumbe wengine.
3. Usiguse mayai wala makinda. Tazama kwa mbali.
4. Radi zikianza, ondoka chini ya mti na mahali pa wazi. Ingia ndani ya nyumba.
5. Jua la mchana ni kali. Kaa kivulini. Mwenzetu mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na mahali pake pa kutazamia pachaguliwe penye kivuli kizuri.
6. Usionje tunda, jani wala uyoga usioujua.
7. Ukiona siafu wakipita, wapishe.

H. JAMBO LA KUFANYA

Leo jioni chagua mahali pako. Pasiwe mbali na nyumbani, na pasizidi hatua kumi kwa upana. Chora ramani yake katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Onyesha miti, mawe, maji na njia. Halafu kila siku andika mambo manne:

(i) tarehe na saa;
(ii) hali ya hewa;
(iii) jambo moja uliloliona, kulisikia au kulinusa;
(iv) swali moja ambalo hujui jibu lake.

Andika ulichokiona, si unachodhani. Usiandike "Ndege amefurahi." Andika "Ndege ameimba mara sita, akaruka." Siku ambayo huoni jambo jipya, andika hivyohivyo: "Hakuna jipya." Hilo nalo ni kumbukumbu. Kwa maswali ya sehemu ya (iv), waulize wazee kwanza, kwa kuwa wao wametazama kwa miaka mingi kuliko wewe. Kisha mwulize mwalimu, na zaidi ya hayo endelea kutazama.

Baada ya siku 30, leteni madaftari darasani. Someni kwa zamu. Mtashangaa jinsi watoto wakaao mtaa mmoja walivyoona mambo mbalimbali.

MUHTASARI

Maumbile yako karibu nasi, uani, njiani na angani. Atazamaye mahali pamoja kila siku huona mabadiliko. Kukaa nje kila siku kunasaidia macho, mifupa na akili. Muda wa kutazama hupatikana ndani ya kazi zetu za kila siku. Mtu aliyezoea mahali ndiye wa kwanza kujua pameharibika, naye ndiye anayeweza kusaidia kupatengeneza.

MANENO MAPYA

Atamia: lalia mayai ili yapate joto na kuanguliwa.
Bundo: hatua ya mdudu baada ya kiluwiluwi au buu, kabla hajawa mdudu kamili.
Kumbikumbi: mchwa wenye mabawa, watokao ardhini hasa baada ya mvua za kwanza.
Retina: sehemu ya nyuma ya ndani ya jicho ipokeayo nuru.
Tetere: ndege mdogo wa jamii ya njiwa.
Tuama: (maji) kaa mahali pamoja bila kutiririka.

MASWALI

1. Taja vitu vitano vya maumbile vilivyopo katika eneo la shule yenu.
2. Mtazamaji wa kila siku huona kitu gani ambacho mgeni haoni?
3. Taja hatua nne za maisha ya mbu. Neema aliona hatua zipi?
4. Kwa nini tunashauriwa kumwaga maji yaliyotuama kila wiki?
5. Katika uchunguzi wa Guangzhou, kwa nini ilikuwa lazima baadhi ya shule zisibadilishiwe ratiba?
6. Vitamini D inausaidiaje mwili?
7. Mwezi wa Desemba, kivuli kifupi cha mchana hulala upande gani hapa Tanzania? Eleza sababu.
8. Kukatwa kwa mugumo kulikihusuje kijito cha Ihithe?
9. Sahihisha sentensi hii ili ifae kuandikwa katika daftari la maumbile: "Mbuzi anauchukia mti huu."
10. Rudi kwenye maswali matano ya mwanzo wa somo. Yajibu tena baada ya siku saba za kutazama, kisha linganisha majibu yako.

KAZI YA KIKUNDI

Zungukeni eneo la shule pamoja na mwalimu wenu. Tafuteni kila mahali palipotuama maji: makopo, vifuu, matairi, mifereji iliyoziba. Andikeni mlichokikuta katika kila mahali. Mwageni maji yanayoweza kumwagwa. Rudini baada ya wiki moja mkague tena, mkalinganishe na maandishi yenu ya kwanza.